Kisichotulia, Mwisho

Kazi ya Mama Tulia ilikuwa kukaa. Usicheke. Wako watu wanaolipwa kwa kusema, na chuo kikuu kizima kimejaa hao, lakini hebu jaribu wewe kukaa juu ya kiti kigumu tangu darasa linapoanza mpaka linapokwisha, pua ikuwashe usiikune, nzi atembee shingoni umwache atembee, huku macho ya vijana yakikupima kama wanunuzi wa ng'ombe mnadani. Ukimaliza asubuhi moja tu, njoo, tutacheka pamoja.

Jina alipewa na wanafunzi wa uchoraji. Kila aliyeshika mkaa kwa mara ya kwanza aliona kosa la mkono wake ni kosa la mwili wa mama huyu, akanung'unika, "Tulia, mama," na kumbe mama alikuwa ametulia zamani. Ikageuka, ikawa Mama Tulia. Waliokuja miaka ya baadaye walidhani Tulia ni mwanawe. "Tulia hajambo, mama?" wakamwuliza kwenye ngazi. "Hajambo," akawajibu, akipita zake. Angesema nini? Mtoto alikuwa naye, mmoja tu, na hakuitwa Tulia wala hakujua kutulia. Walimwita Nyenyere, kwa sababu ukimweka chini ukageuka kufunga kanga, huna mtoto.

Ndaki ya Sanaa na Sayansi, maana ndivyo wanavyoviita vyuo vidogo vilivyomo ndani ya chuo kikuu, ilikuwa jengo moja lenye mlango mmoja. Mkuu wake wa kwanza ndiye aliyetaka hivyo. Alikuwa mkaidi, alisema mtu anayejua kupima chumvi na hajui kusoma shairi ni nusu mtu, na anayejua shairi asijue chumvi inapimwaje ni nusu nyingine. Basi akaweka sayansi chini, karibu na maji na mabomba, akaweka sanaa juu, karibu na mwanga, na katikati akajenga ngazi moja pana ili watu wa chini na watu wa juu wapishane na kusalimiana, wapende wasipende. Miaka ile harufu ya maabara ilipanda mpaka kwenye madarasa ya historia, na kwaya ya juu ikifanya mazoezi, mtu wa chini akipima asidi alipima kwa mdundo. Watu waligombana, wakaoana, wakagombana tena. Lilikuwa jengo hai, nalisema hilo bila kuona haya, kwa sababu leo ukipita pale utaona matofali.

Mama Tulia aliingia kwa chini. Aliajiriwa kuosha vyombo vya kioo vya maabara ya kemia, chupa zenye shingo nyembamba zinazotaka mkono wenye subira. Siku moja alipumzika kidogo kwenye ngazi, amejiegemeza ukutani na brashi ya kuoshea chupa mkononi. Mwalimu wa uchoraji akapita, akasimama, akamwambia, "Usiondoke hapo." Yeye akadhani amefukuzwa kazi.

Mwalimu yule alikuwa mzee mfupi, vidole vyeusi, na kila mtu alimwita Mzee Mkaa. Alikuwa na kanuni mbili, na alizilinda kuliko wengine wanavyolinda wake zao. Ya kwanza: anayechorwa haendi upande wa wachoraji. Akijiona, ataanza kukaa kama picha, "na mimi," alisema, "nataka akae kama mtu." Ya pili ilikuwa ya wachoraji wenyewe: kisichotulia, mwisho. Anza na kiti, anza na ukuta, anza na bega. Pazia linalopepea, moshi, paka anayepita, viache mpaka kila kitu kingine kimekaa mahali pake. Ukianza na kisichotulia utakikimbiza mpaka jua lizame na kiti hujakigusa. Wanafunzi, kama ilivyo ada yao, waligeuza maneno hayo kuwa utani. Mwenzao akichelewa darasani: "Kisichotulia, mwisho!" Mwenye wachumba wawili akiulizwa ataoa lini, jibu lilikuwa hilo hilo.

Mama Tulia aliishika kanuni ya kwanza kama dini. Alikaa, darasa likaisha, akashuka kitini, akatoka kwa mlango wa upande wake bila kutupa jicho. Mtaani walisema anakaa uchi. Alikaa amevaa mpaka soksi, lakini nani atabishana na mtaa? Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyetukanana na majirani kwa niaba yake.

Baba yake Nyenyere alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Safari moja ilirefuka, na ndiyo anaisafiri mpaka leo. Mama Tulia hakuwa na wa kumwachia mtoto, akawa anapanda naye. Nyenyere akajua jengo lile kuliko wahadhiri. Alishuka kwenda kutazama vyura wa watu wa baiolojia, akapanda kuiba chaki, akapita chini ya mbao za kuchorea akivuta kamba za viatu. Kule kemia walimpa vizibo vya chupa, na alitembea navyo viganjani kama mwenye mali.

Mwaka huo palikuwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliyeitwa Kasuku, kwa sababu alichora akiongea na akaongea akichora. Alikubali jina mwenyewe, akawa anachonga kindege kwa kisu nyuma ya kila fremu yake ili asiibiwe. Kasuku akaomba kumchora Mama Tulia na mtoto mapajani, kwa rangi za mafuta, turubai kubwa. Wiki baada ya wiki mama akakaa, mikono imezunguka mbele, na ndani ya mikono hiyo Nyenyere akijinyonganyonga, akihesabu vifungo vya blauzi ya mama yake, akichoka, akiteleza chini, akirudishwa.

"Dada, mpeleke mtoto kwa mpiga picha," mdogo wake alimwambia siku moja.

"Wa nini? Mtoto anachorwa na watu wa chuo kikuu, kwa rangi za mafuta, bure. Mpiga picha wa mtaani atanionyesha nini?"

"Haya. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Alisema kwa mzaha. Mpaka leo hajajisamehe kwa mzaha huo.

Homa ilikuwa fupi. Asubuhi mtoto alikataa uji, jioni degedege, na kesho yake watu walikuwa wamekaa uani wakiongea kwa sauti za chini. Sitaki kulirefusha. Mama Tulia hakwenda kazini kwa muda mrefu, na alipopata nguvu za kwenda, hapakuwa na pa kwenda. Wanafunzi waligoma, serikali ikaja na marungu, ndaki ikafungwa, kila mtu akarudi kwao. Ilipofunguliwa, vitu vilikuwa vimeadimika nchini, na turubai halikupatikana hata kwa dawa. Ndipo ulipoanza ule utaratibu ambao wanafunzi waliuita mazishi: kila mwisho wa mwaka picha chache zilizosifiwa zilining'inizwa ukutani, na zote zilizobaki zilipakwa rangi nyeupe ya ukuta ili wenzao wa mwaka unaofuata wapate pa kuchora. Ya Kasuku ilizikwa katika mazishi ya kwanza, kabla mwenyewe hajarudi kutoka kwao.

Kasuku na Mama Tulia walikutana kwenye ngazi. Mama Tulia ndiye aliyeanza.

"Alitoka vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Kama anataka kuruka."

Akaridhika kwa hilo. Aliliweka moyoni, na akarudi kitini kwake.

Miaka ikaenda. Mzee Mkaa akafa, Kasuku akawa mwalimu wa uchoraji, ndevu zikaingia mvi, domo likampungua. Aliendelea kupiga kelele zile zile darasani, "Kisichotulia, mwisho!", na wanafunzi waliendelea kuzichekea. Mama Tulia naye alizeeka kitini, na kuzeeka kwake kukawa somo: mwaka huu mikunjo ya shingo, mwaka ujao mishipa ya mkono. Alitapakaa kwenye kuta za jengo lote, ofisini, ukumbini, mpaka kwenye kibaraza cha jiolojia, na hajapata kusimama mbele ya hata picha moja. Akipita kwenye ukumbi aliinamisha kichwa kama mwenye deni.

Sasa yakatokea mawili kwa pamoja. Wakubwa walikaa, wakaamua kuwa ndaki ni kubwa mno, ipasuliwe. Sayansi itahamia majengo mapya ng'ambo ya barabara kuu, sanaa itabaki, na ghorofa ya chini itapewa watu wa biashara. Watu wa biashara wakataka mlango wao wenyewe. Mafundi wakaja, wakatoboa ukuta upande wa mashariki, na matofali yaliyotoka huko wakayatumia kuziba ngazi. Walimu wa pande zote mbili walipiga kelele, kila upande kwa sababu zake. Mimi nasema walichelewa. Walikuwa wameacha kusalimiana kwenye ngazi hiyo miaka mingi kabla ya tofali la kwanza.

La pili lilimhusu Mama Tulia peke yake, na hakumwambia mtu ila mdogo wake. Walikuwa wakichambua maharage.

"Uso wake umeanza kuniponyoka," alisema.

"Wa nani?"

"Nikimtafuta ananijia mjukuu wako. Nikimfukuza mjukuu wako, anakuja mtoto wa jirani. Yeye haji. Nakumbuka uzito wake. Nakumbuka joto lake hapa. Uso hapana."

Mdogo wake alitia mkono kwenye ungo akachambua, akachambua, hakuona jiwe wala haragwe.

Basi ndipo Kasuku alipokuja nyumbani kwao, mtu mzima mwenye cheo, anahema kama kijana. Walikuwa wakisafisha stoo iliyo chini ya ngazi kabla mafundi hawajaifunga. Yametolewa maturubai ya miaka na miaka, amepindua moja tu kutazama fremu, akakuta kindege.

"Kindege changu, mama! Juu yake pamechorwa mtungi, mtungi wa hovyo kabisa, sijui wa nani. Lakini chini ya mtungi kuna nyeupe, na chini ya nyeupe ni nyinyi."

"Utakwangua?"

"Nikikwangua natoa na ya chini. Ila pale fizikia kuna mashine ya eksirei, ile wanayotazamia mawe na vyuma. Rangi yetu nyeupe ya kuchorea, ya zamani, ilikuwa na madini ya risasi ndani, na eksirei inaiona risasi hata ikifunikwa. Itatuonyesha, mama. Itamtoa alivyo."

"Na uso?"

"Na uso."

Mama Tulia alinyanyuka akaenda kutafuta viatu. Kasuku akamzuia, leo fizikia wamefunga. Kesho, kabla ya darasa. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, maana mashine ilikuwa inaingia sandukuni alasiri.

Kule chini aliwapokea fundi wa mashine, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeitwa Bi Mionzi tangu ujana wake. Nusu ya chumba ilikuwa imeshapakiwa. Tangu asubuhi alikuwa akigombana na wapagazi.

"Ngazi wameziba, nyinyi mmepita wapi?"

"Tumezunguka nje," Kasuku akasema.

"Jengo moja mnazunguka nje! Haya, lete hilo dude lenu. Mama, karibu kiti. Wewe si ndiye uliyekuwa ukiosha chupa za kemia? Mtoto wako alinichomoa plagi mara ngapi sijui, nikiwa mwanafunzi hapa hapa."

Mama Tulia alimgeukia upesi. "Unamkumbuka?"

"Miguu yake nilikuwa naisikia. Nikigeuka, keshapita."

Turubai likalazwa, likasogezwa kipande kwa kipande chini ya mashine, na wao wakatolewa nje ya mlango wa chuma kila mara Bi Mionzi alipobonyeza. Mama Tulia alisimama kwenye korido, mkono wake mmoja ukishika wa pili. Mtu akikaa miaka mingi bila kutarajia kitu, tarajio dogo humwingia vibaya, kama chakula kwa mwenye njaa ya siku nyingi. Kasuku alikuwa amerudiwa na domo lake la zamani, anaongea kuhusu mwanga wa siku zile, kuhusu blauzi ya bluu, kuhusu Mzee Mkaa. Hakuna aliyemsikiliza.

Wakaitwa. Bi Mionzi alikuwa ameunganisha vipande vyote kwenye skrini moja kubwa. Kasuku akataka kumpisha mama mbele, na hapo Mama Tulia akasita. Hajapata kwenda upande wa wachoraji.

"Mzee Mkaa amekufa, mama," Kasuku akasema taratibu. "Njoo."

Akaja. Akajiona. Mwanamke kijana, rangi ya kijivu kama ya jivu, amekaa wima. Bega lile. Kifungo cha blauzi kilichokuwa kimelegea, kimechorwa kimelegea. Alikuwa mzuri, na hakuna aliyemwambia. Macho yake hayakukaa hapo, yalishuka, yakafuata mikono iliyozunguka mbele, na ndani ya mikono, kwenye mapaja, palikuwa na kitu cha mviringo, kidogo, cheupe.

"Huyo!" alisema. "Huyo hapo! Si ndiye huyo? Kasuku, si ndiye huyo?"

Kasuku alisogeza uso kwenye skrini. Bi Mionzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema, akalisema yeye.

"Mama, huo ni mtungi. Ule wa juu. Mashine inaonyesha ya juu na ya chini kwa pamoja. Ona, huu mkono wa mtungi, huu mdomo wake."

"Utoe."

"Nitaufifisha, ngoja."

Akapapasa vitufe. Mtungi ukafifia, ukaondoka. Mikono ikabaki imezunguka. Katikati yake palikuwa peusi.

"Hapo peusi ni nini?" Mama Tulia akauliza.

"Peusi ni pasipo na rangi, mama."

"Imebanduka?"

Bi Mionzi alimtazama Kasuku. Sasa ni zamu yake, na alikuwa anajua. Mtu akimwambia mfiwa neno la kumtuliza, akalirudia mwaka hadi mwaka, mwisho wa yote yeye ndiye wa kwanza kuliamini. Miaka hii yote alikuwa na hakika alimchora. Angeweza kuapa. Alikuwa akiuona mpaka ute wa mwanga kwenye macho ya mtoto. Sasa anaona kiti, ukuta, bega, kifungo, mikono, kila kitu kimekaa mahali pake kama alivyofundishwa.

"Haikubanduka," akasema. "Nilikuwa sijafika kwake."

Nje wapagazi walikuwa wakiburuta kabati. Mama Tulia aliendelea kutazama. Kasuku alingoja apigwe, na kusema kweli angefurahi kupigwa.

"Ulimwacha mwisho," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo kanuni."

"Nisamehe. Nitamchora sasa. Nitalikwangua juu mwenyewe, kwa mkono wangu, hata ikinichukua mwaka mzima. Nitamweka mahali pake. Wewe niambie tu alikuwaje."

Mama Tulia akamgeukia. Uso wake ule, ambao nusu ya watu waliosoma pale wameuchora, sidhani kama kuna aliyepata kuuchora ulivyokuwa saa ile.

"Ningekuwa najua alikuwaje," alisema, "ningekuja huku?"

Bi Mionzi alizima skrini. Hakuna aliyemwagiza.

Walizunguka nje tena, wakapita penye vumbi la mafundi, wakapanda kwa ngazi ndogo ya dharura hadi darasani. Wanafunzi walikuwa wameshakaa, mbao zimepangwa. Kasuku alimwambia aende nyumbani apumzike. Mama Tulia akasema nyumbani kuna maharage tu, akaenda kwenye kiti chake, akakaa, akatazama dirisha alilolitazama miaka yote. Mkaa ukaanza kukwaruza karatasi. Alikaa wima kama kawaida, shingo sawa, mabega sawa.

Msichana wa mbele alichora kidogo, akafuta, akachora, akafuta. Mwishowe akainua mkono.

"Mwalimu, leo mikono yake haitulii."

Darasa likacheka kichini chini, maana jibu walikuwa wanalijua wote, na wawili watatu walikuwa wameshafungua midomo walitamke pamoja naye. Kasuku alikuwa amesimama nyuma, amewapa mgongo.

"Anzeni na mikono," alisema.